Safari Mbili, Meli Moja: Mambo ya Kutarajia kwa Abiria Anayeunganisha Safari za Meli ya Kitalii

Maelezo ya mhadhara uliotolewa kwa watumiaji wa huduma za usafiri na utalii



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo maswali yake hutufikia hasa kutoka kwa wazazi wanaokwenda kuwatembelea watoto wao Marekani na Ulaya, na kutoka kwa vijana wanaotaka kuwapeleka wazazi hao matembezini. Jambo lenyewe ni kununua safari mbili zinazofuatana katika meli moja ya kitalii. Abiria hupanda leo, humaliza safari ya kwanza, kisha hubaki na meli ileile kwa safari ya pili inayoanza siku ileile ambayo ya kwanza imekwisha.

Huduma hii ina mvuto wa haki. Meli kubwa za kitalii hufanya kazi kama basi la kwenda na kurudi. Meli huondoka Miami jioni, huzunguka visiwa vya Karibi kwa siku 7, hurudi Miami alfajiri, hushusha abiria asubuhi, hupakia wengine mchana, na jioni huondoka tena. Mara nyingi wiki moja huelekea mashariki, kwenye visiwa kama Puerto Rico, St. Thomas na St. Maarten, na wiki ya pili huelekea magharibi, Jamaika, visiwa vya Cayman na Cozumel ya Meksiko. Mtu aliyekwisha kulipa nauli kubwa ya ndege kutoka Nairobi au Dar es Salaam huona ni busara kuziona pande zote mbili kwa ujio mmoja. Hana makosa.

Makosa huingia pale anapodhani kwamba amenunua safari moja ya siku 14. Amenunua safari 2 za siku 7. Meli ni moja, lakini mikataba ni miwili, na baina ya mikataba hiyo kuna siku moja ambayo mbele ya sheria abiria amemaliza safari na anaanza nyingine. Karibu kila tatizo nitakalolitaja leo linatokana na kuisahau siku hiyo.

Mikataba miwili, tarehe mbili, namba mbili

Unaponunua safari mbili, utapewa namba mbili za uthibitisho. Kila namba ina bei yake, tarehe yake ya kukamilisha malipo na masharti yake ya kughairi. Ukighairi safari ya kwanza, ya pili haijighairi yenyewe. Ukichelewa kukamilisha malipo ya safari ya pili, unaweza kuipoteza hali ya kuwa ya kwanza imelipwa yote.

Kwa hiyo, mwambie wakala au kampuni tangu siku ya kwanza kwamba unasafiri mfululizo, na uombe namba hizo mbili ziunganishwe katika kumbukumbu zao. Kuunganishwa huko hakuifanyi mikataba kuwa mmoja, lakini huwawezesha wafanyakazi wa meli kukutambua kuwa ni abiria anayeendelea. Omba pia kabini ileile kwa safari zote mbili, na uhakikishe namba ya kabini imeandikwa kwenye uthibitisho wa kila safari. Ukinunua kabini ya bei nafuu ambayo kampuni yenyewe ndiyo itakayokuchagulia, tarajia kuhama.

Vifurushi navyo hufuata mkataba. Kifurushi cha vinywaji au cha intaneti kilichonunuliwa kwa safari ya kwanza kwa kawaida hukoma pamoja nayo. Bakshishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huitoza kwa kila mtu kwa kila siku, hutozwa katika safari zote mbili. Anayepanga bajeti kwa kuangalia bei ya kabini peke yake atashangaa mara mbili.

Siku ya kati

Asubuhi ya siku ya kati, meli itakuwa imetia nanga katika bandari ya kuanzia. Katika bandari za Marekani, kama vile Miami, Fort Lauderdale na Port Canaveral, tarajia kwamba kila abiria, hata yule anayeendelea, atashuka ili akaguliwe na maofisa wa forodha na ulinzi wa mipaka. Meli husubiri mpaka isalie bila abiria hata mmoja, ndipo hesabu mpya ianze.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Jioni ya kabla yake, utaletewa barua kabinini yenye saa na mahali pa kukutania. Asubuhi, abiria wanaoendelea hukusanyika katika ukumbi mmoja, kila mmoja akiwa na pasipoti yake, kadi ya meli ya safari ya kwanza, na mara nyingi kadi mpya ya safari ya pili au kadi ya mpito. Hushushwa kwa pamoja, hupita mbele ya maofisa, husubiri katika jengo la bandari, na hurudishwa melini kabla abiria wapya hawajaruhusiwa kupanda. Siku nyingine kazi hii huchukua nusu saa. Siku nyingine abiria mmoja wa safari ya kwanza amelala kabinini na hasikii matangazo, na watu wote huketi bandarini wakimsubiri.

Hapana budi kuwafikiria wazee wetu. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza kusimama kwa muda mrefu naye atashuka. Omba msaada siku moja au mbili kabla, kwenye dawati la huduma kwa wageni. Beba dawa, maji na koti jepesi. Na mtu asiwaache wazazi wasiojua Kiingereza bila karatasi fupi, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inayoeleza kwamba wao ni abiria wanaoendelea na safari ijayo, pamoja na namba zote mbili za uthibitisho.

Ukipenda kutembea mjini siku hiyo, unaweza kushuka, ukamaliza ukaguzi, ukatembea, na kurudi mchana. Lakini hakikisha kadi yako ya safari ya pili imekwisha kutolewa, na uijue saa ya mwisho ya kupanda. Meli haitamngoja abiria kwa sababu alikuwa ndani yake wiki iliyopita.

Katika Bahari ya Mediterania utaratibu huwa tofauti. Huko meli nyingi hupakia na kushusha abiria katika bandari kadhaa za mzunguko mmoja: wengine huanzia Barcelona, wengine Marseille, wengine Genoa. Siku moja ya kuibakisha meli tupu haipo, na abiria anayeendelea huenda akatakiwa tu kubadilisha kadi. Kwa hiyo usichukue maelezo ya rafiki aliyesafiri Ulaya ukayafanya mwongozo wa safari ya Florida.

Viza: mlango wa kutoka na mlango wa kurudi

Sasa nafika penye uzito zaidi kwetu sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki. Maelezo mengi ya safari hizi huandikwa kwa ajili ya watu ambao pasipoti zao hufungua milango bila viza. Maelezo hayo hayasemi uongo, ila hayakuandikwa kwa ajili yetu.

Meli inapotoka nchi moja na kurudi, abiria ametoka na ameingia upya. Katika safari mbili mfululizo, huingia upya si mara moja bali mara mbili, na wakati mwingine zaidi. Natoa mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Moshi anakwenda Ugiriki na binti yake. Wanaruka hadi Athens, wanapanda meli Piraeus, na wananunua mzunguko wa siku 7 mara mbili. Kila mzunguko unapita Kusadasi, Uturuki, kisha unarudi Rhodes, Ugiriki. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, Uturuki haimo. Tuhesabu. Uwanja wa ndege wa Athens ni kuingia mara ya 1. Rhodes, baada ya Kusadasi, ni mara ya 2. Rhodes ya wiki ya pili, baada ya Kusadasi ya pili, ni mara ya 3. Viza ya Schengen ya kuingia mara 2 ingemtosha mama huyu kwa safari ya kwanza. Kwa safari ya pili haimtoshi. Anahitaji viza ya kuingia mara nyingi, na anapaswa kuiomba hivyo tangu mwanzo, akiambatisha uthibitisho wa safari zote mbili. Aidha, anahitaji kujua Uturuki inadai nini kwa pasipoti yake.

Kumbuka pia hesabu ya siku. Mwenye viza ya muda mfupi ya Schengen haruhusiwi kukaa katika eneo hilo zaidi ya siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na idadi ya siku iliyoandikwa kwenye viza yake inaweza kuwa ndogo zaidi. Ukiongeza safari ya pili baada ya viza kutolewa, rudi usome siku zako.

Kwa Marekani, angalia mambo matatu: kwamba viza yako itakuwa hai siku utakayorudi kutoka safari ya kwanza na vilevile ya pili, kwamba inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na kwamba muda uliopewa na ofisa wa mpakani ulipoingia, ambao si lazima ulingane na muda wa viza, unatosha. Mwenye kibali cha ukazi wa kudumu asafiri na kadi yake ya asili, si nakala. Tena, kila kisiwa na kila nchi itakayopitiwa ina sheria yake. Andika orodha ya bandari za safari zote mbili, kisha uliza ubalozi au ofisi ya uhamiaji ya kila nchi. Usitosheke na jibu la muuzaji kwamba abiria wa meli hawahitaji viza. Jibu hilo huwa kweli kwa baadhi ya pasipoti na baadhi ya bandari.

Nasisitiza hili kwa sababu ya gharama yake. Mikataba ya kampuni za meli kwa kawaida humwachia abiria wajibu wote wa hati za kusafiria. Asiye na hati hunyimwa kupanda, na fedha zake hazirudishwi. Kwa abiria wa safari mbili, kunyimwa huko kunaweza kumfika siku ya kati: ameteremka, mizigo yake imo melini, na safari ya pili aliyokwisha kuilipia inaondoka bila yeye.

Sheria ya mwaka 1886

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wasafiri wazoefu. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayohusu vyombo vinavyosafirisha abiria baina ya bandari zake. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa katika nchi nyingine, kama vile Bahamas na Panama. Meli ya namna hiyo hairuhusiwi kumchukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kumshusha katika bandari nyingine ya Marekani, isipokuwa imepita naye katika bandari ya nchi ya mbali. Kanada na Meksiko hazihesabiwi kuwa nchi za mbali kwa maana ya sheria hiyo.

Chukua mfano wa safari za Alaska. Safari ya kwanza inatoka Seattle, Marekani, hadi Vancouver, Kanada. Ni halali. Safari ya pili inatoka Vancouver hadi Seward, Alaska. Nayo ni halali. Lakini abiria anayeziunganisha katika meli ileile amepanda Seattle na kushuka Seward, yaani amesafirishwa kutoka bandari ya Marekani hadi bandari nyingine ya Marekani, na njiani amepita Kanada tu. Muunganiko huo hauruhusiwi. Faini hutozwa kampuni, hufikia mamia ya dola kwa kila abiria, na mikataba huipa kampuni haki ya kumdai abiria fedha hizo.

Kinachoshangaza ni kwamba kila safari ikiuzwa peke yake, mtambo wa kuuzia hauoni kosa. Unaweza kuzinunua zote mbili usiku mmoja kupitia simu, ukapokea uthibitisho, kisha baada ya wiki kadhaa ukaarifiwa kwamba moja imefutwa. Kabla ya kununua tiketi ya ndege, iulize kampuni kwa maandishi: je, muunganiko huu unaruhusiwa kwa meli hii? Safari zinazoanza na kuishia katika bandari ileile, kama mfano wetu wa Miami, hazina tatizo hili. Wanaotaka njia ile ya Seattle hadi Alaska wanaweza kubadilisha meli Vancouver.

Forodha na hesabu ya melini

Siku ya kati ni siku ya forodha pia. Mkazi wa Marekani anayerejea kutoka nje kwa kawaida huruhusiwa kuingiza bidhaa za matumizi yake za thamani ya hadi dola 800 bila ushuru, zikiwemo lita 1 ya kileo kwa aliyefikisha miaka 21. Msamaha huo hautolewi tena ndani ya siku 30. Aliyeutumia mwishoni mwa safari ya kwanza atakuwa na msamaha mdogo, wa dola 200, mwishoni mwa ya pili. Manunuzi makubwa yapangwe kwa kuzingatia hilo, na risiti zitunzwe kwa safari. Mgeni asiye mkazi ana viwango vyake, na anapaswa kuviulizia.

Hesabu yako ya melini nayo hufungwa mwishoni mwa safari ya kwanza. Kadi ya benki hukatwa, na hesabu mpya hufunguliwa. Ikiwa ulipewa salio la zawadi la kutumia melini, uliza mapema kama linahamia safari ya pili. Mara nyingi halihamii, na lisilotumika hupotea. Kampuni huweza pia kuzuilia kiasi fulani katika kadi yako kama dhamana, na fedha zilizozuiliwa kwa safari ya kwanza zinaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kuachiwa, hali ya kuwa zile za safari ya pili zimekwisha kuzuiliwa. Mwenye kadi ya akaunti ya akiba anaweza kujikuta hana fedha za kutumia nchi kavu ingawa hajamaliza pesa zake.

Omba taarifa ya hesabu usiku wa kabla ya siku ya kati, na uisome mstari kwa mstari. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na katika meli kila kikombe cha kahawa ya pekee, kila picha na kila dakika ya simu ni kuchovya. Palipo na kosa, lisahihishwe wakati wahudumu walioliandika bado wapo, kwa kuwa wengine hubadilishwa siku hiyohiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Maisha ndani ya meli

Ukibaki katika kabini ileile, huna haja ya kufunga mizigo. Acha vitu vyako, lakini fedha na vito vifungiwe, na pasipoti na dawa uwe navyo mkononi. Ukihama kabini, funga mizigo midogo. Nguo zilizotundikwa kwa kawaida huhamishwa na wahudumu zikiwa kwenye viango vyake. Kabini mpya huenda isiwe tayari mpaka mchana.

Tarajia marudio. Orodha ya vyakula na maonyesho ya jioni hupangwa kwa urefu wa safari moja, hivyo wiki ya pili unaweza kuona mchezo uleule na kula chakula kilekile. Wapo wanaofurahia, kwani wamekwisha kujua kipi kizuri. Wanaofuata masharti ya chakula, pamoja na Waislamu wanaohitaji chakula halali, wasidhani maombi yao yatahama yenyewe. Waandikishe upya kwa safari ya pili.

Zoezi la usalama halirukwi kwa kisingizio cha uzoefu. Tarehe 13 Januari 2012, meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walipoteza maisha. Baadhi ya abiria walikuwa wamepanda saa chache tu kabla yake huko Civitavecchia, na walikuwa hawajafanya zoezi hilo, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015, kanuni za kimataifa zinataka abiria wapya wafanye zoezi kabla ya meli kuondoka au mara inapoondoka. Abiria anayeendelea akiitwa, aende. Kama umehama kabini, kituo chako cha kukusanyikia kinaweza kuwa kimebadilika, na usiku wa hatari si wakati wa kukitafuta.

Bima na dawa

Bima lazima ianze siku unayoondoka nyumbani na iishe siku unayorudi, ikizitaja safari zote mbili na nchi zote zitakazopitiwa. Bima inayotakiwa kwa viza ya Schengen, ambayo kiwango chake cha chini ni yuro 30,000, inahusu nchi za Schengen. Usichukulie kwamba itamlipia aliyevunjika mguu Kusadasi. Hospitali ya melini hutoza huduma zake kwenye hesabu yako, nawe hudai baadaye kutoka kwa mwenye bima. Kwa hiyo tunza risiti na taarifa ya daktari.

Dawa ziwe za siku zote pamoja na akiba ya wiki moja, katika vifungashio vyake vya asili na barua ya daktari. Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari asitegemee kuzipata bandarini siku ya kati.

Safari inapovunjika

Kwa meli zenye nafasi za kulala abiria 50 au zaidi zinazopakia abiria katika bandari za Marekani, tume ya serikali ya nchi hiyo inayosimamia usafiri wa baharini inataka kampuni ziwe na dhamana ya fedha. Kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka 2022 zinampa abiria haki ya kudai kurudishiwa fedha pale safari inapofutwa, au kuondoka kwake kunapocheleweshwa kwa siku 3 au zaidi na yeye akachagua kutokwenda. Katika Umoja wa Ulaya, safari ya meli ya kitalii huhesabiwa kuwa mfuko wa utalii chini ya agizo la mwaka 2015. Mwandaaji akiongeza bei kwa zaidi ya asilimia 8, msafiri anaweza kuvunja mkataba bila kutozwa.

Lakini tena, haki hizo hupimwa kwa kila mkataba. Safari ya pili ikifutwa, fedha za safari ya pili ndizo zinazorudi. Tiketi yako ya ndege ya wiki ijayo na hoteli ya kukusitiri hapo kati ni jambo la kuuliza kwenye bima.

Soma pia kifungu cha mahakama. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la kampuni ya Carnival. Abiria aliyeumia melini, mkazi wa jimbo la Washington, alifungwa na sharti lililochapwa kwenye tiketi kwamba mashauri yote yafunguliwe Florida, upande wa pili wa nchi. Muda nao ni mfupi. Kwa madai ya kuumia mwili, sheria ya Marekani inaruhusu mikataba ya meli hizi kuweka ukomo wa miezi 6 kwa kutoa taarifa na mwaka 1 kwa kufungua shauri. Aliyeumia aandike taarifa melini kabla ya kushuka, na aombe nakala.

Ukinunua kupitia wakala wa nyumbani, una haki nyumbani pia. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mtumiaji. Wakala aliyekuhakikishia kwa maneno kwamba viza moja inatosha, aombwe aandike. Akiweza kuandika, una ushahidi. Akisita, umepata jibu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, je, muunganiko wa safari hizi mbili katika meli hii unaruhusiwa kisheria?

Pili, nitaingia mara ngapi katika kila nchi au eneo la viza, na viza yangu inaruhusu mara ngapi?

Tatu, tarehe za kukamilisha malipo na masharti ya kughairi ya kila safari ni zipi?

Nne, je, nitakaa kabini moja kwa safari zote mbili, na imeandikwa wapi?

Tano, vifurushi, salio na maombi ya chakula yanahamia safari ya pili, au yanunuliwe na kuandikishwa upya?

Sita, siku ya kati nitashuka saa ngapi, na msaada kwa mzee au mgonjwa unaombwa kwa nani?

Saba, safari moja ikifutwa, nini kinatokea kwa nyingine, na bima inalipa nini?

Majibu yake yawe kwa maandishi, na nakala zake ziwe mkononi mwa msafiri, si katika simu ya mtoto aliyebaki nyumbani.

Ndugu zangu, sikuja kuwakataza. Wiki mbili baharini na wazazi walioishi maisha yao yote wakiwafanyia wengine kazi ni zawadi njema, na anayeweza kuitoa aitoe. Ila aihesabu kama ilivyo. Ni safari mbili, na ya pili huanza kwenye dirisha la ofisa wa uhamiaji. Mwenye hati kamili, hesabu safi na dawa mkononi atapita hapo kwa nusu saa, arudi melini kunywa chai yake kabla wapya hawajapanda.